Swali la lugha: fahamu, ufahamu au utambuzi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya falsafa kuhusu Brentano na Husserl, wanafalsafa walioandika kwa Kijerumani. Neno "utambuzi" nimelitumia kwa ile hali ya akili kuwa macho, na pia kwa kuona vitu. Sentensi yangu, "Utambuzi wa mtu daima una dhamira," msimamizi ameizungushia kalamu nyekundu bila maelezo. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Sarufi ni safi; tatizo ni maneno, na "dhamira" ndilo baya zaidi. Msomaji akiliona anawaza nia ya kutenda jambo, au yale maswali ya fasihi: "Jadili dhamira za mwandishi." Brentano, katika kitabu chake cha saikolojia cha mwaka 1874, hakuzungumzia nia. Alifufua istilahi ya wanafalsafa wa zama za kati ili kusema kwamba kila tendo la nafsi lina kitu linachokielekea: katika kupenda kuna kinachopendwa, katika kuchukia kuna kinachochukiwa. Basi andika "uelekeo".

"Utambuzi" nao unakwamia kwa Husserl. Katika kitabu chake Logische Untersuchungen, yaani "Uchunguzi wa Kimantiki" (1900–1901), anatoa mfano wa mtu anayetembea kwenye jumba la sanamu za nta. Ngazini anamkuta bibi asiyemjua, mchangamfu, anampungia mkono. Kumbe ni sanamu! Sasa pima mwenyewe. "Nilimwona mwanamke, kumbe sanamu" ni Kiswahili cha kila siku. "Nilitambua kuwa ni mwanamke, kumbe sanamu" inajipinga, kwa sababu kutambua hakuna nafasi ya kukosea. Ukikosea, ulidhani tu. Husserl anahitaji neno la ile hatua ya awali, kitu kinapojitokeza mbele yetu kabla hakijathibitika. "Kuona" linafaa, tena halifungwi na macho, maana tunaona njaa na tunaona baridi. Ukitaka istilahi inayokusanya masikio na ngozi waziwazi, tumia "kuhisi", ila usiteleze ukaandika "hisia", ukaishia kwenye furaha na huzuni.

Kwa hali ya akili kuwa macho ninachagua "fahamu". Wapo wanaolikwepa wakidai ni neno la hospitalini: mgonjwa kapoteza fahamu, fahamu zimemrudia. Mimi naona hiyo ndiyo sifa yake, kwani linataja hali ambayo bila hiyo hakuna chochote kinachomtokea mtu. "Ufahamu" umeshachukuliwa na darasa: soma kifungu, jibu maswali.

Sentensi yako iwe: "Fahamu ya mtu daima huelekea kitu." Usijaribu "fahamu daima ni fahamu ya kitu", ingawa Husserl kwa Kijerumani anasema karibu hivyo. Kihusishi chetu cha -a huvuta umiliki: "fahamu ya yule bibi" ni yake mwenyewe, au ya anayemtazama? Andika "fahamu inayomwelekea yule bibi", na utata unaisha.