Barua kwa mwanangu: kabla hujakopa gari la kwendea kazini

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako na nimeelewa unapokwama. Kazi mpya iko kilomita 9 kutoka unapoishi sasa. Umeonyeshwa nyumba kubwa zaidi, kodi yake nafuu, lakini iko kilomita 28 kutoka kazini na basi halifiki karibu. Unaniuliza kama ukope ununue gari uhamie huko, maana kwa hesabu yako utaokoa kodi na pia muda wa kusimama kituoni.

Usihamie. Habari ya gari tutaizungumza, ila nyumba ile ndiyo inayonitia wasiwasi. Ukiishi kilomita 9 kutoka kazini, siku gari likikataa kuwaka utapanda basi, utachelewa nusu saa na kuomba radhi. Ukiishi kilomita 28 mahali pasipo basi, siku hiyo hufiki. Na gari likilala gereji wiki nzima likisubiri kipuri, kazi yenyewe inaingia mashakani, huku marejesho ya mkopo yanaendelea kukatwa vilevile.

Sasa tuangalie muda, maana ndio unaokuvutia. Umesema mlitumia dakika 35 kufika kwenye nyumba ile. Lakini mlikwenda Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu. Dakika 35 kwa kilomita 28 ni mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Asubuhi ya siku ya kazi, foleni ikishusha wastani hadi kilomita 20 kwa saa, safari hiyohiyo ni dakika 84, kabla hujaanza kutafuta maegesho. Kabla ya kusaini chochote, nenda huko jioni ya siku ya kazi, ulale kwa rafiki au nyumba ya wageni, kisha asubuhi uondoke saa ileile utakayokuwa ukiondoka ukishahamia. Pima kuanzia mlango wa nyumba hadi kwenye kiti chako cha kazi. Mtu akipima kuanzia injini inapowaka hadi inapozimwa, anajipunja.

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, alieleza kwamba kwa wastani watu hutumia takriban saa moja kwa siku safarini, wawe wa zama za kutembea au wa zama za magari. Chombo kikiwa na kasi zaidi, muda uliookolewa haubaki nyumbani. Watu huutumia kuishi mbali zaidi. Nakutajia hili kwa sababu ndilo unalotaka kulifanya: kuchukua kasi ya gari na kuibadilisha kwa kilomita 19 za ziada kila upande.

Kwenye hesabu yako ya fedha umeandika rejesho la mkopo na mafuta tu. Chukua karatasi nyingine. Andika bei ya kununulia gari, toa bei utakayoliuza baada ya miaka 4, gawanya kwa miezi 48. Huo ni uchakavu wa kila mwezi, nao mara nyingi ndio mkubwa kuliko vyote, japo hakuna anayekuletea ankara yake. Ongeza riba ya mkopo, bila kurudia bei ya gari ambayo umeshaihesabu kwenye uchakavu. Ongeza bima, leseni, maegesho. Kisha vinavyolika kwa kilomita. Kilomita 28 kwenda na kurudi, kwa siku 240 za kazi, ni kilomita 13,440 kwa mwaka, bado hujaenda sokoni wala kutembelea mtu. Seti ya matairi ikidumu kilomita 40,000, utanunua mengine kabla ya mwaka wa 3 kwisha. Oili ikibadilishwa kila kilomita 10,000, ni zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa safari za kazi peke yake. Fungua kitabu cha gari uone: mwendo wa foleni huhesabiwa humo kama matumizi magumu, na oili hutakiwa kubadilishwa mapema zaidi. Injini ya kawaida ya petroli ikiwa inanguruma tu bila gari kusogea hula kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Ukishapata jumla ya mwezi, linganisha na tofauti ya kodi kati ya nyumba mbili. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, usingoje dalali akufanyie.

Basi nalo lina hesabu yake, na wengi hukosea hapa kwa upande wa pili. Ratiba ikisema basi kila dakika 20, utadhani utasubiri dakika 10 kwa wastani. Hiyo ni kweli endapo mabasi yanapishana sawasawa. Lakini basi likichelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kituoni, hukawia zaidi kuwapakia, na la nyuma yake hukuta kituo kitupu, likalifikia. Matokeo yake mawili huja yamefuatana, halafu kimya. Yakija kwa mwachano wa dakika 38, kisha 2, kisha 38, idadi kwa saa ni ileile lakini wastani wa kusubiri unapanda hadi dakika 18, kwa sababu watu wengi hufika kituoni ndani ya ule mwanya mrefu. Kwa hiyo usijiulize basi linapita mara ngapi tu. Simama kituoni asubuhi mbili tatu, uandike saa ya kila basi na kama lilikuwa na nafasi. Basi lililojaa likikupita, kwako halikuja.

Ukiweza kuchagua, panda karibu na mwanzo wa njia, ambako ratiba bado haijavurugika na viti vipo, hata ikibidi kutembea dakika 6 za ziada. Epuka kubadilisha basi. Kila basi likifika kwa wakati mara 9 kati ya 10, ukiunganisha mawili unabaki na mara 8 tu, na ukiunganisha matatu unashuka hadi 7. Na ujue saa ya basi la mwisho kurudi, siku za kazi na za mapumziko, maana hapo ndipo watu wasio na gari hukwama.

Kwa kilomita 9, lakini, mimi ningekushauri baiskeli kwa siku nyingi za wiki na basi kwa siku za mvua kubwa au uchovu. Kwa mwendo wa utulivu wa kilomita 15 kwa saa utafika kwa dakika 36, na kesho zitakuwa 36, na keshokutwa vilevile, kwa sababu foleni inakugusa kidogo sana. Huu uhakika ndio ninaouthamini kuliko kasi. Muda wa kupanga nao maisha ni ule unaokufikisha kwa wakati siku 19 kati ya 20. Kwa baiskeli unakaribiana sana na wastani. Kwa gari la umbali mrefu unaweza kuuzidi wastani kwa nusu saa nzima.

Nunua baiskeli inayokutosha, yenye madigadi kamili na karia nyuma. Begi likae kwenye karia, usilibebe mgongoni, hapo jasho litapungua sana. Kiti kipandishe hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamishia sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo sahihi. Kiti kikiwa chini mno goti huuma kwa mbele, na watu husema baiskeli imewashinda kumbe ni sentimita 4 za chuma. Upepo wa matairi uangalie kila wiki kwa pampu yenye geji. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lenye upepo mdogo ndilo linalobana tyubu kwenye rimu ukigonga shimo, na utaikuta ina matundu mawili sambamba.

Pancha ijifunze nyumbani, kabla hujaipata njiani. Toa tyubu, jaza upepo, tafuta tundu kwa sikio au kwa maji. Kausha, sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, kisha usiguse kwa dakika 5 hivi mpaka ipoteze mng'ao. Kosa la kawaida ni kubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Kitaonekana kimeshika, kesho asubuhi utakuta tairi limelala. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, kwa sababu mwiba ulioitoboa mara nyingi bado umo, ncha yake ikiwa imejitokeza milimita moja tu. Ukiusahau, utaziba pancha hiyohiyo tena kabla hujafika. Ila njiani usihangaike na gundi: beba tyubu nzima ya akiba, vibanzi viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo, kiraka kifanyike jioni.

Cheni ifute na kuitia mafuta ya cheni kila baada ya wiki mbili, na siku yoyote iliyonyeshewa. Tone moja kwa kila pingili, zungusha, kisha futa yote yaliyobaki nje, maana mafuta ya nje hukusanya mchanga na mchanga ndio unaokula gia. Kipimo cha uchakavu ni rula. Pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ukingoja izidi kwa 1/8, utabadilisha na gia zake.

Barabarani, kaa angalau mita moja kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa, mlango hufunguliwa ghafla. Usijipenyeze pembeni mwa lori linalokaribia kukata kona hata kama limesimama, dereva hakuoni pale. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na helmeti. Ukiifunga baiskeli, kufuli lipite kwenye fremu, kwenye gurudumu la nyuma na kwenye chuma kilichosimikwa ardhini. Uliza kazini kama kuna pa kuiweka na pa kubadilishia nguo kabla hujanunua, jibu la hapo linaweza kubadilisha uamuzi wote.

Sikatai gari, mwanangu. Kama zamu zako zitaisha usiku wa manane, kama utabeba vifaa vizito, kama utakuwa na mgonjwa au mtoto mdogo wa kupeleka hospitali, gari ni msaada mkubwa na sitakulaumu. Lakini linunue ukiwa hapo ulipo, kwa akiba, dogo, na liwe la safari ambazo njia nyingine haziwezi. Gari la hivyo lina adabu zake. Usilitumie kwa kilomita 2 za dukani, kwa sababu injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli vinavyojichanganya na oili, na betri hairudishiwi umeme uliotumika kuwashia. Liendeshe angalau nusu saa mfululizo kila wiki. Betri yenye afya, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikikaa muda mrefu chini ya 12.4 huanza kujiharibu ndani. Dalili ya kwanza ni starta kuzunguka kwa uvivu asubuhi.

Mwambie mwenye nyumba ile unahitaji wiki mbili. Katika wiki hizo panda basi, azima baiskeli, na uandike kila siku saa ya kutoka mlangoni na saa ya kukaa kitini. Ukimaliza nitumie karatasi hiyo pamoja na ile ya gharama, nizipitie kabla hujaweka sahihi benki.

Mama yako