FFR na iFR Zinapopingana, Anza na Kikombe cha Kahawa

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi katika chumba cha katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa hadi kwenye mishipa ya moyo, na wauguzi wapya huniuliza swali lilelile: vipimo viwili vya mshipa mmoja wa moyo vikipingana, tuamini kipi? Huwajibu kwamba kabla ya kuchagua tuhakikishe kwanza kuwa tumepima sawasawa.

Vipimo hivyo viwili, FFR na iFR, hutumia waya mwembamba wenye kihisi cha shinikizo, unaopitishwa hadi ng'ambo ya sehemu iliyobana. FFR hulinganisha shinikizo la huko na la aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, wakati dawa ya adenosini imeshatanua mishipa midogo na damu inapita kwa wingi; FFR ikiwa 0.80 au chini, huhesabiwa kwamba sehemu ile inaunyima moyo damu. iFR hulinganisha shinikizo hizohizo lakini haihitaji dawa, kwa kuwa husomwa katika kipindi kifupi moyo unapolegea, mgonjwa akiwa ametulia, na mpaka wake ni 0.89. Karibu mara moja katika kila tano, majibu hayalingani.

Mzee mmoja mwenye kisukari alipata FFR ya 0.84 na iFR ya 0.86, yaani moja ilisema mwacheni na nyingine ikasema mtibuni. Tulishaanza kukilaumu kisukari chake, ambacho huweza kuchosha mishipa midogo, nilipogundua kwamba dawa ilipoingia hakulalamika kubanwa kifua wala kuishiwa pumzi, mambo ambayo wengi huyasikia. Nikamuuliza kama alikunywa kitu alfajiri. "Mwanangu, niliambiwa nisile, kahawa si chakula." Vikombe viwili vya kahawa chungu! Kafeini huizuia adenosini isifanye kazi, hivyo mishipa midogo haikutanuka ipasavyo na FFR ikatoka juu kuliko ilivyostahili. Aliporudi siku nyingine bila kahawa wala chai, ilisoma 0.78.

Kosa jingine ni la waya wenyewe. Kila baada ya kupima, kirudisheni kihisi kwenye ncha ya katheta muone kama shinikizo mbili zinalingana, kwa sababu tofauti ndogo ya 0.03, ambayo macho hayaioni kwenye mchoro, inatosha kumvusha mgonjwa mpaka.

Hayo yakishaondolewa, mgongano unaobaki si kosa bali ni habari juu ya mtiririko wa damu. FFR ikiwa mbaya na iFR nzuri, mara nyingi mishipa midogo ina afya na hutanuka sana, hasa pale penye kubana pakiwa mwanzoni mwa mshipa mkubwa wa kushoto. Ikiwa kinyume chake, huenda mishipa midogo imechoka, kama kwa wazee na wenye kisukari, au moyo unakwenda mbio hata mgonjwa akiwa amelala. Majaribio mawili ya mwaka 2017, DEFINE-FLAIR na iFR-SWEDEHEART, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja wagonjwa walioongozwa na iFR hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa FFR, kwa hiyo sioni sababu ya kuapa kwa kipimo kimoja. Mimi husikiliza zaidi dalili za mgonjwa na mahali palipobana.

Siku hizi simuulizi mgonjwa kama amekunywa kahawa. Namuuliza amekunywa vikombe vingapi.