Podkasti ya wahitimu wa LaGuardia: anza na maswali

Mdogo wangu, umesema unasoma uigizaji pale LaGuardia, ile sekondari ya sanaa ya New York, unataka kurekodi mazungumzo na wahitimu, ila kipindi cha majaribio kimewachosha hata rafiki zako. Nadhani shida ni maswali. Ukimuuliza mtu "shule ilikusaidiaje?" atakumwagia shukrani tu. Muulize siku ya usaili wa kuingia shuleni: alichagua monologi (maneno marefu ya mhusika mmoja) zipi mbili, nani alikaa mezani, sauti ilimkauka kwenye mstari gani. Hapo ndipo ulimi unalegea.

Wahitimu maarufu, akina mwigizaji Timothée Chalamet na rapa Nicki Minaj, waache kwanza, habari zao zimeshatafunwa sana. Mtafute mpiga fidla anayefundisha watoto, au fundi wa taa wa jukwaani. Na wazee usiwasahau! LaGuardia ilitokana na shule mbili: ya Music & Art (muziki na sanaa) aliyoianzisha meya wa New York, La Guardia, mwaka 1936, na ile ya Performing Arts (sanaa za jukwaani) ya Mtaa wa 46; zilikuwa na majengo tofauti hadi 1984 zilipokutana karibu na Lincoln Center, kituo cha sanaa cha New York. Waliosoma huko zamani wana mengi.

Chumba cha dansi usirekodie, vioo vile vinarudisha sauti vibaya. Omba stoo ya mavazi. Nguo zinameza mwangwi. Muziki wa kufungulia usichukue wa maonyesho ya Broadway, zile kumbi kubwa za New York, utagombana na wenye hakimiliki bure. Mwombe mwenzako wa idara ya ala akutungie sekunde kumi. Ukimhoji aliye chini ya miaka 18, pata kwanza ruhusa ya mzazi na ya shule, kwa maandishi.