Swali la lugha: "Kama", "ikiwa" au -ki-?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha vijana kuandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, jioni, hapa Majengo, Mombasa. Kila tukifika kwenye "if", neno la kuipa kompyuta sharti, na "else", la njia ya kushika sharti lisipotimia, darasa lagawanyika. Mimi husema "kama". Mwenzangu ashikilia "ikiwa". Vijana wenyewe huandika "umri ukiwa zaidi ya 18", na juzi mmoja kaandika "kama umri ungekuwa zaidi ya 18". Lipi sahihi? Na "else" tuiiteje: "la sivyo" au "vinginevyo"?

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo wa "ungekuwa", maana ndiye pekee aliyekosea sarufi ya jambo lenyewe. Mtu akikwambia "ningekuwa na pesa ningenunua changu wawili", huhitaji kumpekua mifuko. Ameshakwambia hana. Kiambishi -nge- hubeba hukumu ndani yake: jambo halipo, twaliwazia tu. Kompyuta haina hukumu hiyo. Inafika kwenye mstari, inauliza umri ni ngapi, ndipo inapojua njia ya kushika. Kwa hiyo kauli ya sharti katika programu haipokei -nge-, wala -ngali-, wala hiyo -ngeli- yetu ya Mvita tunayoipenda kwenye majuto.

Hayo matatu yaliyobaki yote ni Kiswahili safi. Lakini mbele ya wanafunzi hayana uzito mmoja.

"Kama" lina kazi nyingi mno. Twalifananishia: mchungu kama shubiri. Twalikadiria: watu kama ishirini. Na twaulizia: sijui kama feri imefika. Hii ya mwisho ndiyo ya kuchunga. "Angalia kama faili ipo" ni kuulizia tu, jibu ni ndiyo au la. "Futa faili kama ipo" ni sharti, na kuna kitu kitapotea. Mtu mzima atazitenganisha kwa mkao wa sentensi. Kijana wa wiki ya pili, aliyeshughulika na nukta mbili na nafasi za pambizoni, huenda asizitenganishe.

Sasa -ki-, ile ya "ukiwa" ya vijana wako, ambayo ndiyo tamu zaidi masikioni na ndiyo inayonitia wasiwasi. Simama kivukoni Likoni umsikie mtu akisema "feri ikifika tutapanda". Hana shaka kwamba feri itafika, anaingoja. -ki- hapo ni ya wakati. Mwingine aseme "nilimwona akivuka", na hapo hakuna sharti lolote, ni mambo mawili yakienda pamoja. Kiambishi kimoja chabeba sharti, wakati na mwendelezo, nasi hatukosani kwa sababu tunaongea na watu.

Mwambie mwanafunzi: "betri ikishuka chini ya asilimia 20, onyesha onyo". Kwa masikio yake ya Kiswahili, programu itakaa macho kodo ikiilinda betri mchana na usiku. Sivyo. "If" hutazama mara moja, pale ilipofikiwa, kisha programu inaendelea na safari. Betri ikishuka dakika moja baadaye, hapana onyo. Anayetaka ulinzi wa kudumu anahitaji kitanzi, yaani amri inayorudiwa tena na tena, na hapo neno lake ni "while", ambalo mimi ningelifasiri "maadamu": maadamu simu imewashwa, tazama betri. Nakisia kwamba baadhi ya makosa unayoyasahihisha kila jioni ukidhani ni ya hesabu, mzizi wake ni hii -ki-.

Ndiyo maana kwenye ubishi wenu namuunga mkono mwenzako. "Ikiwa" lenyewe limezaliwa na -ki- (i-ki-wa), lakini limeshakuwa kiunganishi kamili. Halina harufu ya kungojea, wala halifananishi kitu na kitu. Na liandikwe hivyo hivyo, "ikiwa", si "ikikuwa" ninayoisikia siku hizi. Kitenzi cha silabi moja kikipata -ki- huacha ku- yake nje: ukila, ukija, ikiwa. Ku- hiyo hubaki kwenye -nge- na -sipo-: ungekula, usipokuja. "Iwapo" lafaa vilevile. "Endapo" ningeliachia mikataba na matangazo ya serikali.

Na epukeni "kama ukija". Sharti limeshawekwa na -ki-, "kama" inakuja kufanya nini?

Kuhusu "else". "La sivyo" ni sahihi, ila lina ngumi. "Lipa kodi leo, la sivyo utakuta vyombo nje." Lile tawi la pili la programu si adhabu, ni njia nyingine tu. "Vinginevyo" limetulia zaidi, nami ndilo ningelitumia. Tuchukue kivuko chetu, ambako anayevuka kwa miguu halipi na magari hulipa: "Ikiwa anatembea kwa miguu, nauli ni 0, vinginevyo, tafuta nauli ya chombo chake." Ukisema "la sivyo" hapo, mwenye pikipiki ataona kama katishiwa.

Hukuuliza "elif", lakini utaifika. Nimeona watu wakiifasiri "au ikiwa". Hapana. "Au" ni neno la "or", nalo huunganisha masharti mawili ndani ya swali moja. "Elif" ni swali jipya linaloulizwa tu baada ya lile la kwanza kukataa. Semeni "kama sivyo, ikiwa": ikiwa anatembea, nauli ni 0, kama sivyo, ikiwa ana pikipiki, nauli ni ya pikipiki, vinginevyo, nauli ni ya gari. Neno refu, najua. Lakini lasema kile kinachotendeka, kwamba sharti la kwanza likikubali, yaliyo chini yake hayatazamwi kabisa. Hapa "kama" hainikeri, maana "kama sivyo" imeshikana mno kuweza kupotosha.

Baada ya "ikiwa" mtashawishika kutia "basi". Tieni, si kosa. Jueni tu kwamba "basi" hiyo hiyo ndiyo ya kumkomesha mtoto anayemwaga sukari, na pale barabarani ina magurudumu.

Maneno haya yote ni ya kuelezea. Ndani ya programu "if" ibaki "if", Python haitaelewa "ikiwa" yenu. Na siku mtakapohamia kwenye skripti za Bash, lugha nyingine ya kuiamuru kompyuta, vijana watacheka wakiona sharti lililofunguliwa kwa "if" likifungwa kwa "fi". Mtindo huo ulitoka lugha ya ALGOL 68, na Stephen Bourne akauingiza katika mfumo wa kompyuta wa Unix wa 1979. Waambie ni kinyume, ule mchezo wa kutoa silabi ya mwisho ukaitanguliza. Kwa mchezo huo, sharti letu lingefungwa kwa "waiki".