Usaha wa sikio, pamba peke yake haitoshi

Pole sana dada. Umeuliza kama huo usaha wa miezi miwili kwenye sikio la mtoto wako utakauka wenyewe ukiendelea kupangusa na pamba na tone la mafuta ya nazi, jibu ni hapana, na mafuta acha leo leo. Hii kitu ilishapimwa hapahapa Kenya kwa watoto wa shule, utafiti wa Kiambu uliotoka 1996, waliokaushwa sikio tu bila dawa hawakupona zaidi kuliko wale ambao hawakufanyiwa chochote, ila waliokaushwa na kupewa na antibayotiki walipona wengi zaidi. Halafu 2005 ukatoka mwingine wa magharibi mwa Kenya, watoto 427, wakilinganisha matone ya siprofloksasini (antibayotiki) na ya asidi ya boriki (dawa ya kuua vijidudu), baada ya wiki mbili usaha ulikuwa umeisha kwa asilimia 59 wa siprofloksasini, wale wa asidi ya boriki asilimia 32 tu.

Kukausha bado kunahitajika lakini ni ili dawa ipenye: sokota tishu safi iwe kama utambi, ingiza taratibu, iache inyonye, badilisha mpaka itoke kavu, ndo udondoshe dawa mtoto akiwa amelala ubavu. Ila kwanza daktari aangalie ngoma ya sikio (ule utando wa ndani) na achague dawa yeye, maana kuna matone ya dukani yanaweza kuharibu usikivu kama ngoma imetoboka. Na akivimba nyuma ya sikio au apate homa na kutapika tafadhali usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huohuo.