Re: Mdogo wangu hasemi tena

Pole sana dada. Nimekuelewa, mdogo wako yuko form two, wenzake wamemuonea muda mrefu darasani, na juzi jioni mmoja wao akambaka, sasa hataki shule wala kuongea.

Hospitali kwanza, leo leo, usisubiri aongee. Dawa za kuzuia VVU (PEP) lazima zianze ndani ya masaa 72 na mapema ndo bora, za kuzuia mimba nazo zina muda wake. Nguo alizovaa msifue, weka kwenye mfuko wa karatasi. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, mtapewa PF3 (fomu ya polisi ya kujazwa na daktari), na mtu akikwambia mkayamalize kifamilia usikubali kabisa, ni jinai, vile vikao vya kulipana hela vinamuumiza mtoto mara ya pili.

Kuhusu kuongea, nimeishi na binti aliyepitia haya. Usimuulize mbona hukupiga kelele, mwambie nakuamini, sio kosa lako, halafu nyamaza. Wa kwetu alianza kwa kuandika kurasa za nyuma za daftari la hesabu, baadae tukiwa tunachambua mchele, macho yote kwenye ungo, ndo maneno yakaanza kutoka. Na asilazimishwe kurudia stori kwa kila shangazi anayekuja kutoa pole, yeye ndo achague wa kumwambia.

Piga 116, ni bure, wanasikiliza watoto na watakuelekeza kwa mshauri. Ila akianza kusema anataka kufa au kujiumiza usimuache peke yake hata dakika, mrudishe hospitali usiku huohuo.