Draiva ya Hifadhidata Inayong'ang'ania Kumbukumbu ya Seva

Anayetunza programu za Java kwenye Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java, hakawii kuliona onyo katika logi kwamba programu ilisajili draiva ya JDBC (kijenzi kinachoiunganisha programu ya Java na hifadhidata), haikufuta usajili huo iliposimamishwa, na hivyo Tomcat imeufuta kwa lazima. Wengi hulipuuza kwa kuwa seva inaendelea kufanya kazi. Mimi hulishughulikia siku hiyo hiyo, maana Tomcat hufuta usajili tu, si kila kilichoachwa na draiva.

Klasi ya DriverManager, inayotunza orodha ya draiva zilizosajiliwa, ni ya Java yenyewe na huishi muda wote seva inapokuwa hewani, ilhali draiva iliyomo katika WEB-INF/lib (folda ya maktaba ndani ya programu) hupakiwa na kipakia klasi (class loader, kinachoingiza klasi kwenye kumbukumbu) cha programu husika. Ikishasajiliwa, DriverManager huishikilia draiva, draiva hushikilia kipakia klasi, nacho hushikilia klasi zote za programu hata baada ya toleo jipya kuwekwa. Ukisasisha mara kwa mara bila kuwasha seva upya, mwisho wake ni OutOfMemoryError, yaani hitilafu ya kumbukumbu kujaa, ambayo zamani ilitaja PermGen na tangu Java 8 ya mwaka 2014 hutaja Metaspace, maeneo ya kumbukumbu yanayohifadhi taarifa za klasi.

Ninachopendelea ni kuiweka draiva katika folda ya lib ya Tomcat na kuiondoa kabisa ndani ya WAR (faili la kifurushi cha programu). Kwa wanaotumia Maven, zana ya kujenga programu za Java, scope ya draiva iwe provided, yaani isifungashwe ndani ya WAR. Gharama yake ni kwamba programu zote hulazimika kutumia toleo moja la draiva, jambo ambalo timu nyingi hulilalamikia, na zina haki.

Pasipowezekana, andika ServletContextListener (klasi inayoarifiwa programu inapoanza na inaposimama), na ndani ya contextDestroyed, mbinu inayoitwa programu inaposimama, funga kwanza dimbwi la miunganisho (connection pool, akiba ya miunganisho ya hifadhidata), kisha ufute usajili wa draiva zile tu ambazo kipakia klasi chake ni cha programu yako, kwa sababu ukizifuta zote unaweza kuikatia hifadhidata programu jirani inayotumia draiva ya pamoja. Kwa MySQL hilo halitoshi: draiva yake huanzisha uzi (thread, kazi inayoendeshwa pembeni) wa AbandonedConnectionCleanupThread, unaopaswa kusimamishwa kwa kuita checkedShutdown.

Kupima matokeo, isimamishe programu na kuianzisha tena, kisha bonyeza Find leaks katika ukurasa wa Manager, yaani ukurasa wa usimamizi wa Tomcat, ila jihadhari kwenye seva yenye watumiaji, kwani kitufe hicho hulazimisha usafishaji kamili wa kumbukumbu. Jina la programu yako likitokea, chukua nakala ya kumbukumbu kwa jmap, zana inayokuja na Java, uifungue katika Eclipse Memory Analyzer, programu ya kuchambua nakala hizo, na ufuatilie ni kitu gani bado kinakishikilia kipakia klasi cha zamani.